Sikukuu Nyumbani Bila Deni la Januari

[Muziki wa kufungulia kipindi. Unapungua taratibu.]

  Kipindi hiki ni chenu nyote mlioko Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale nchini Uganda, Mahama nchini Rwanda, Kakuma nchini Kenya, na kambi nyingine zote ambako sauti hii inafika.

Desemba imebisha hodi. Kigoma mvua inanyesha na njia zimejaa matope. Kakuma ni jua na vumbi kama kawaida. Shule zinafungwa, na watoto watakuwa nyumbani, wengine kwa wiki chache, wengine kwa zaidi ya mwezi. Kwaya zinafanya mazoezi hadi jioni. Wengi wanangoja Noeli, na wasiosherehekea Noeli wanangoja Bonane, mwaka mpya. Na kila mzazi ana swali moja kichwani ambalo halisemi mbele ya watoto: mwaka huu tutafanya nini, na tutafanya kwa kitu gani?

Leo tutazungumza juu ya swali hilo. Tutaanzia jikoni, kisha tuingie kwenye kazi za mikono, michezo ya watoto, na mwisho tuwakumbuke wale ambao sikukuu huwaumiza moyo.

Kwanza jambo dogo ambalo watoto huuliza. Kwa nini picha za Noeli zina theluji, na hapa kwetu hakuna? Sababu ni kwamba nchi za kaskazini ya dunia huwa na majira ya baridi mwezi Desemba. Mchana wao mfupi kuliko wote huwa tarehe 21 au 22 Desemba. Katika mji wa Stockholm, Uswidi, jua siku hiyo huonekana kwa muda wa saa 6 hivi tu. Ndugu zetu waliohamishiwa huko, au Kanada na Marekani, wanajua habari hiyo. Wengine wamekwisha kutupigia simu wakiwa wamevaa makoti mawili. Giza na baridi huwaweka watu ndani, na jioni hizo ndefu wanafuma, wanashona, wanacheza na watoto. Sisi hatuna theluji, lakini tuna mvua, na tuna jioni ambazo mtu hawezi kwenda popote. Jioni hizo zinaweza kutusaidia kuandaa sikukuu.

[Sauti ya sufuria na kijiko. Inapungua.]

Sasa jikoni. Hapo ndipo sikukuu huonekana kwanza, na hapo ndipo Januari huuma.

Katika kambi nyingi mgao wa chakula umepunguzwa miaka ya hivi karibuni. Hakuna haja ya kukueleza hilo, wewe unalipima kwa kikombe kila siku. Kwa hiyo hatutakuambia uweke akiba ya kitu usichonacho. Tunataka tufanye hesabu moja tu pamoja nawe.

Tuseme nyumba yako inapika kilo moja na nusu ya unga kwa siku. Tarehe 20 Desemba unahitaji pesa ya nguo za watoto na nyama. Mtu anakuambia: "Mama, chukua leo pesa ya kilo 10 za unga. Mgao ukifika, utanipa kilo 15." Maneno yake ni matamu, na watoto wanakutazama. Lakini gawa kilo 15 kwa kilo moja na nusu. Jibu ni 10. Maana yake ni kwamba mwezi wa Januari kuna siku 10 ambazo unga wake umekwisha kuliwa na mtu mwingine. Umesherehekea siku moja, ukailipa kwa siku 10.

Fanya hesabu hiyo kwa vipimo vya nyumba yako mwenyewe kabla ya kukubali mkopo wowote. Ifanye kwa sauti, mbele ya mume au mke wako, na hata mbele ya watoto wakubwa. Mtoto wa miaka 12 akiona hesabu hiyo, ataelewa kwa nini mwaka huu hakuna viatu vipya. Asipoionyeshwa, atadhani hapendwi.

Jambo la pili ni kadi. Kadi yako ya mgao, laini ya simu inayopokea pesa ya chakula, au kadi ya benki, visikae kwa mwenye duka kama rehani. Namba ya siri usimpe mtu yeyote. Ukishampa, yeye ndiye atakayejua pesa imeingia lini na ni kiasi gani, nawe utakaa ukingoja kuambiwa. Na kama kadi yako iko dukani tayari, usijifiche kwa aibu, maana hauko peke yako. Mweleze kiongozi wa mtaa wenu, au nenda kwenye dawati la malalamiko siku ya mgao.

Sasa, badala ya mkopo tufanye nini? Njia moja ambayo haihitaji pesa mpya ni kuunganisha sufuria. Nyumba 3 zinazoaminiana zinapika pamoja siku ya sikukuu. Mmoja analeta maharagwe, mwingine unga, wa tatu mboga na mafuta. Kuku mmoja hawezi kushibisha nyumba 3, lakini akipikwa ndani ya ndizi au viazi, kila sahani itapata mchuzi wake, na watoto wote watasema wamekula kuku.

Kuunganisha sufuria kunapunguza pia kuni, kwa sababu mnawasha moto mmoja badala ya mitatu. Tunajua kuni zinavyotafutwa, na tunajua hatari wanazokutana nazo akina mama na wasichana njiani. Loweka maharagwe usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, kisha pika kwa maji mapya na funika sufuria. Yataiva haraka zaidi. Kuni utakazookoa siku hiyo ni safari moja ya msituni ambayo binti yako hataifanya.

Siku ya kupika kwa wengi, chora mstari ardhini kuzunguka moto, hatua 2 kutoka kwenye mafiga, na watoto wasiuvuke. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.

Na kwa mwaka ujao, kuna likelemba. Wakongo wanaiita likelemba, Watanzania upatu, Wakenya chama, Wanyarwanda ikimina. Kama unataka likelemba ya sikukuu, ianzeni Januari, msingoje Desemba. Kila mtu aweke kiasi kilekile kidogo kila mwezi, na msikigawe mpaka mwisho wa mwaka. Vikundi vingi hutumia sanduku lenye kufuli 3, na funguo hukaa kwa watu 3 tofauti. Sanduku likae kwa mtu wa nne. Hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna anayeweza kushukiwa peke yake.

[Muziki mfupi]

Ndugu msikilizaji, tumeongea juu ya chakula. Sasa tuje kwenye nguo na zawadi. Nguo mpya sokoni bei yake hupanda Desemba, hilo unalijua. Lakini ndani ya nyumba nyingi kuna kitenge kilichochakaa sehemu moja tu, mara nyingi pale mama anapokalia. Sehemu za pembeni bado ni nzima. Fundi, au wewe mwenyewe kwa sindano ya mkono, unaweza kutoa hapo gauni la mtoto wa miaka 3 au shati la mvulana. Vipande vinavyobaki viunganishe, utapata mfuko wa shule au kitambaa cha meza.

Tunataka kukueleza kwa kirefu kazi moja, kwa sababu inafaa kwa jioni za mvua na inaweza kumsaidia mtoto mchanga. Ni kofia ya kufuma, kwa uzi unaotokana na sweta kuukuu.

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake. Usiku wa mvua, ndani ya nyumba yenye upepo, kofia humsaidia kubaki na joto. Zawadi hiyo mama aliyejifungua mwezi huu ataitumia usiku uleule.

Tafuta sweta kuukuu kwenye mitumba au nyumbani. Kabla ya kulinunua, ligeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, liache. Uzi wake utatoka vipandevipande. Ukiona kingo ni nzima, limefumwa vipande na kuunganishwa, hilo ndilo zuri. Fumua mishono ya ubavuni na ya mikono, kisha anza kuvuta uzi kutoka upande wa juu, penye shingo. Ukigoma, jaribu upande mwingine.

Uzi utatoka umejikunja kama nywele. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu 4 kwa kamba ndogo ili usichanganyike, uufue kwa sabuni kidogo, kisha uutundike. Ning'iniza jiwe dogo au chupa yenye maji chini yake. Ukikauka, utakuwa umenyooka. Uviringe uwe mpira.

Sindano ya kufumia yenye ndoano unaweza kuitengeneza. Wengine hukunja ncha ya njiti ya gurudumu la baiskeli, wengine huchonga mwanzi. Isugue kwenye jiwe mpaka iwe laini isikwaruze uzi.

Anza na duara dogo la mafundo 6. Mzunguko wa pili, fuma mara mbili katika kila fundo, upate 12. Mzunguko wa tatu uwe na 18, wa nne 24. Kila mzunguko ongeza mafundo 6, ukiyaweka mbalimbali, na duara litalala bapa kama chapati. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa karibu sentimita 35, kwa hiyo duara lako likifika upana wa sentimita 11, acha kuongeza. Endelea kufuma bila kuzidisha, na kofia itaanza kushuka pembeni. Ishushe mpaka ifunike masikio. Usiweke kamba ya kufunga shingoni, na kofia isiwe pana hata ikateleza na kumfunika mtoto pua.

Mtu anayejua kufuma anaimaliza kwa jioni moja au mbili. Anayejifunza ataifumua mara kadhaa, na hakuna hasara, maana uzi ni uleule. Wavulana nao wafundishwe. Sindano haiulizi kama wewe ni mvulana au msichana.

Tukiwa kwenye baridi ya usiku, tunaomba jambo moja kwa nguvu zote. Usilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa unaowaka, hata ule ambao hautoi moshi, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala wakiona joto ni zuri, na asubuhi hawaamki. Wengine huamka na kichwa kinauma, wanatapika, wanasema ni malaria. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama mvua inanyesha na hata kama umebakiza makaa mazuri.

[Sauti za watoto wakicheza. Inapungua.]

Na watoto je? Mwezi mzima bila shule ni mrefu. Mtoto asiyekuwa na la kufanya utamsikia yuko mtoni au barabarani. Kuna mchezo mmoja ambao hauna gharama, na uzuri wake ni kwamba wazee wetu wa nchi mbalimbali wote wana mchezo wa namna hiyo. Burundi na Rwanda unaitwa igisoro. Uganda ni omweso. Tanzania na pwani ni bao. Sehemu za Kongo wanao kisolo. Kanuni zinatofautiana, lakini mchezo ni ndugu mmoja.

Tukueleze namna iliyo rahisi, inayokaribia omweso na igisoro. Chimba ardhini, chini ya baraza, mashimo 32: safu 4, kila safu mashimo 8. Kila mchezaji ana safu 2 za upande wake. Tafuta kete 64, ziwe mbegu za mwituni au vijiwe. Usitumie maharagwe ya kula, na watoto wadogo wa chini ya miaka 3 wasikae karibu, wasije wakazimeza zikawakaba. Kila mchezaji anaanza na kete 32, akiweka kete 4 katika kila shimo la safu yake ya nyuma.

Kwa zamu yako, chagua shimo lenye kete 2 au zaidi. Zitoe zote, uzipande moja moja kwenye mashimo yanayofuata, ukizunguka safu zako mbili kinyume cha mshale wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, unazitoa zote na kuendelea kupanda. Lakini kama shimo hilo liko safu yako ya mbele, na mashimo mawili ya mwenzako yanayoelekeana nalo yote yana kete, unazikamata za mwenzako, na unazipanda ukianzia mahali ulipoanzia mzunguko huo. Aliyebaki bila shimo lenye kete 2 au zaidi ameshindwa, kwa kuwa hana la kucheza.

Mtoto anayecheza hivyo anahesabu bila kulazimishwa. Anajifunza kutazama mbele kabla ya kutoa mkono. Na akitaka kujifunza vizuri, amwendee mzee. Katika kila mtaa yuko babu au bibi anayeujua mchezo huu kuliko sisi sote, na mara nyingi ndiye anayekaa peke yake.

[Muziki wa taratibu]

Hapo tunafika sehemu ya mwisho, na si nyepesi.

Sikukuu hukumbusha watu majina. Siku za kawaida mtu anachota maji, anapanga foleni, anapika, na siku inapita. Lakini siku ya Noeli au ya Bonane anahesabu sahani na kuona zimepungua. Yule aliyekuwa akichinja mbuzi hayupo. Yule aliyekuwa akiongoza wimbo haijulikani yuko wapi. Jirani yako akikataa kuja kwenye ngoma, usimwite mwenye maringo. Mpelekee sahani kwake, ukae naye kidogo. Huhitaji maneno mengi. Unaweza kumuuliza tu: "Kwenu mlikuwa mnapika nini siku kama hii?" Akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, mmekaa pamoja.

Familia nyingine hutaja majina ya wasiokuwepo kabla ya kula, kila mtu jina moja. Watoto nao wapewe nafasi. Mtoto asiyesikia wakubwa wakimtaja baba yake hudhani kwamba ni marufuku kumtaja.

Kama umepotezana na ndugu kwa sababu ya vita, Msalaba Mwekundu una huduma ya kutafuta ndugu na kupeleka ujumbe wa familia, na huduma hiyo haina malipo. Atakayekuomba pesa ili akutafutie ndugu kwa jina la Msalaba Mwekundu, huyo anakudanganya. Uliza katika kambi yako wanapatikana siku gani na mahali gani.

Na kama wewe, au mtu unayemjua, amekaa zaidi ya wiki 2 bila kulala vizuri, bila hamu ya kula, bila kuona maana ya kitu chochote, nendeni kituo cha afya. Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake hata saa moja. Mtafuteni mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

[Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka]

Ndugu msikilizaji, kazi yako ya wiki hii ni ndogo. Fanya ile hesabu ya unga na watu wa nyumbani kwako. Kisha zungumza na majirani wawili juu ya kuunganisha sufuria, mkubaliane mapema nani ataleta nini. Na jioni moja ya mvua, shika uzi au chimba bao, mtoto wako akiwa pembeni.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kujadiliana baada ya kipindi:

Moja. Katika mtaa wetu, kilo 10 zinazokopwa Desemba hulipwa kilo ngapi Januari?

Mbili. Ni nani katika mtaa wetu atakuwa peke yake siku ya sikukuu, na nani kati yetu atamwendea?

Tatu. Ni kazi gani ya mikono au mchezo gani tuliouacha nyumbani tulipokimbia, ambao watoto wetu hawaujui? Nani atawafundisha?

Sisi tunakutakia maandalizi mema na usiku wa amani. Jiko la mkaa litoe nje kabla hujalala. Tukutane wiki ijayo, siku na saa ileile.

[Muziki wa kufungia kipindi]